Madigadi ya Kushoto

Tangu alipoambiwa kwamba mkaguzi wa magari ya kale atakuja Jumapili, hata chai ilimshinda Fundi Nyundo. Mkewe akamuuliza, "Baba, unaumwa?" Akajibu haumwi. Uongo mtupu! Alikuwa anaumwa madigadi, na chanzo cha ugonjwa kilikuwa na miaka thelathini na moja.

Nyundo ni fundi bodi. Mpe bati lililokunjamana, atalinyoosha mpaka uape halijawahi kugongwa. Alipokuwa kijana, daktari mmoja alimletea gari lake la mbio la Kiitaliano, jekundu, limekwaruzwa mlango tu. Kazi ya siku mbili. Lakini kijana na kimbelembele chake akapimapima, akaona madigadi ya kushoto imepanda kuliko ya kulia kwa unene wa kidole gumba. Akajisemea, hili liligongwa zamani, likanyooshwa na mlevi. Hakuuliza mtu. Akagonga mpaka zikalingana, tena bila malipo.

Miaka ikapita ndipo akasoma kwamba bodi za magari yale zilifuliwa kwa mkono, fundi mmoja upande huu, mwingine upande ule, kila mtu na jicho lake. Tofauti ile gari lilizaliwa nayo, naye kaenda kuifuta! Daktari akafariki hajaambiwa.

Jumapili ikafika. Wapenzi wa magari ya kale wakajaa kwenye ua wa gereji ya Nyundo, kila mmoja na kisa chake. Rubani mstaafu akasimulia alivyonunua lake vipandevipande, giaboksi akaiweka bafuni, mkewe akahamia kwa mama yake mpaka ilipotoka. Watu wakavunjika mbavu. Nyundo alicheka meno tu.

Zamu ya gari jekundu. Mjane wa daktari, ambaye huitana shemeji na Nyundo, alitaka liandikwe katika kitabu cha magari yasiyochezewa, maana marehemu alilitamani hilo mpaka siku zake za mwisho. Mkaguzi akatoa rula, akapima madigadi zote mbili, akapima tena.

"Zimelingana," akasema. "Gari hili halikutengenezwa hivi. Nani amelichezea?"

Nyundo angeweza kunyamaza, mafundi ni wengi na marehemu haulizwi.

"Mimi," akasema. "Nilidhani natengeneza. Shemeji, nisamehe, nimekuharibia."

Mjane akamtazama, kisha akaangua kicheko. "Leo ndiyo unasema? Marehemu aligundua siku ileile, alipopita gereji kuangalia gari! Alirudi jioni kukugombeza, akakukuta unaipapasa ile madigadi, unatabasamu peke yako. Akageuka, akaondoka. Akaniambia, huyu kijana nikimwambia ameharibu, hatashika nyundo tena."

Mkaguzi akafungua kitabu kingine, cha magari yaliyorekebishwa, akauliza kama mama ataridhika.

"Andika humo humo," mjane akasema. "Na jina la fundi liwemo."

Nyundo akashusha pumzi ndefu, mabega yakamshuka. Lo, kumbe mzigo wote ule alikuwa anaubeba peke yake! "Kwa hiyo hakukasirika?"

"Alinuna wiki nzima," mjane akasema. "Halafu akaanza kuwapigia simu marafiki zake, mmoja mmoja, walete magari yao kwako. Kwani ulidhani hawa wote walikujuaje?"

Nyundo akageuka kuutazama ua. Magari kumi na manne, na kumi na moja yalikuwa yamepita mikononi mwake.