Zebaki Haitoki Ndani ya Kioo

Kinyaa kilinishika siku Alwin Rademann alipoanza kutema mate kwenye kopo la chai. Yalikuwa mate ya kuvutika, yana damu, yananuka chuma na uozo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpuliza vioo wa maabara yetu hapa Berlin, nami fundi mitambo wa meza ya jirani, na sikuwahi kuona mtu aliyejua kuunganisha kioo na waya kama yeye. Mwaka wa 1913 meno yakaanza kumtoka. Anauma mkate mweusi, jino linabaki humo.

Kazi ilikuwa ya Daktari Brehmke. Alikuwa akirusha elektroni ndani ya mvuke wa zebaki, ile metali ya majimaji, ili aone zinavyogongana na atomi. Mrija wa kioo wenye zebaki ulipashwa moto kwenye tanuru dogo, na karibu kila wiki mmoja ulipasuka. Zebaki ilitiririka hadi kwenye nyufa za sakafu, na Rademann alipiga magoti kuizoa kwa kadi ya posta. Mabwana wakubwa walimruka tu, wakibishana kuhusu mshale wa mita ya umeme. Walinichefua.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Mpuliza vioo anayetetemeka amekwisha. Akamwomba Brehmke barua moja tu, iseme kinachomuumiza ni sumu ya zebaki, ili atibiwe kama mtu aliyeumia kazini.

"Wewe unakunywa, Rademann," Brehmke alimwambia mbele yetu.

"Bia mbili Jumamosi, Bwana Daktari. Wewe je?"

"Usinijibu hivyo! Zebaki yangu imefungwa ndani ya kioo. Haitoki."

"Haitoki? Hebu itazame pete yako."

Sote tukatazama. Pete yake ya uchumba, dhahabu ya juzi juzi, ilikuwa na mabaka meupe. Zebaki hula dhahabu, na hakuna mtu wa maabara asiyelijua hilo.

"Mchumba akiuliza, mwambie ni bia," Rademann akaongeza. Mtu mmoja akaguna kicheko.

Brehmke aliivua pete, akaitia mfukoni. Akakaa, akaandika ile barua, na sababu ya ugonjwa akaitaja kwa neno moja: ulevi. Akanisogezea karatasi nitie sahihi kama shahidi.

Nikatia. Nina watoto wanne, nilijiambia, na hata sasa nikilikumbuka neno hilo najichukia.

Rademann aliinama kuitazama sahihi yangu.

"Mwandiko mzuri, Gerold," akasema. "Mkono wako hautetemeki hata kidogo."