Bibi Watatu wa Oumaima

Asmahane aliteremka bandarini Moroni mwezi wa Juni mwaka 1997, tumbo la miezi mitano limemtangulia na mumewe Chaher yuko nyuma kajitwika godoro. Alizaliwa na kukulia Mahajanga, Bukini, yaani Madagaska, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ya baharini. Marehemu baba yake alikuwa Mngazija wa kijiji cha Vouvouni, lakini mama yake, Naïma, alikuwa Msakalava wa hukohuko aliyesilimu, na nyumbani kwao walizungumza Kibuki. Kingazija chake kilikuwa cha kuamkia watu tu. Alijua kwamba ukikutana na mkubwa unasema "kwezi", naye anaitika "mbona". Basi akawa anampa kwezi kila mtu, mkubwa kwa mdogo, mpaka watoto wa kichochoroni wakawa wanamvizia mlangoni ili nao wapate kuitika mbona kama wazee.

"Unawaharibu watoto wa watu," Chaher alimwambia akicheka.

"Waache. Ndio pekee ninaoelewana nao."

Chaher alikuwa seremala wa Mutsamudu, katika kisiwa cha Nzuwani. Alikwenda Mahajanga kutafuta kazi, akapata na mke. Sasa alikuwa ameitwa Moroni kutengeneza milango ya nyumba mpya ya tajiri mmoja, na wakapanga chumba Badjanani, kwenye vichochoro vya nyuma ya msikiti wa zamani wa Ijumaa. Asmahane aliupenda mji huo tangu siku ya kwanza. Alipenda mikate ya moto asubuhi, alipenda wanawake waliopaka usoni msindano wa liwa wakipita sokoni kama mabibi harusi, na alipenda zaidi ya yote kwamba mtoto wake alianza kucheza tumboni wiki ileile waliyofika. "Huyu ameshuka melini na mimi," alisema, "na yeye anataka kuona mji."

Mpango ulikuwa tayari. Mwezi wa Agosti wangevuka kwenda Mutsamudu, Asmahane ajifungulie kwa mama mkwe wake, Bi Echat. Hawakuwa wamewahi kuonana, lakini kila Ijumaa Bi Echat alipiga simu katika duka la Boina, jirani yao, na Asmahane akaitwa kuja kusikiliza. Bi Echat alisema Kinzuwani kwa kasi ya cherehani. Katika maneno yote hayo Asmahane alilishika moja tu, mwana, lililorudi na kurudi, na kila likirudi sauti ya yule mama ilipanda.

"Anasema nini?" Asmahane alimwuliza mumewe.

"Anasema chumba kimepakwa chokaa, kitanda kimehamishwa karibu na dirisha, na mimi nisikuache ubebe ndoo."

Wiki ya kwanza ya Agosti redio zikatangaza kwamba Nzuwani imejitenga, kwamba si sehemu ya Komoro tena. Watu walijaa barazani kwa Boina wakisikiliza, kila mmoja na lake. Meli za kwenda Mutsamudu zikasimama, ndege zikasimama, na Ijumaa iliyofuata simu ya Boina haikulia. Chaher akaipiga yeye. Ikatoa mvumo tu, kama kombe ukiliweka sikioni. Mwezi wa Septemba askari wakapelekwa Nzuwani kwa bahari, na habari zilizorudi zilikuwa za maiti na mateka. Tangu hapo baadhi ya watu wakaanza kumtazama Chaher kwa jicho la pembeni. Mwenzake mmoja kazini alimwambia waziwazi, "Sasa na wewe ni mgeni hapa kama mkeo."

Alirudi nyumbani siku hiyo kanuna, akamweleza Asmahane maneno hayo. Asmahane alimsikiliza, kisha akaangua kicheko mpaka akashika tumbo.

"Basi tumelingana! Mimi nimehamia nchi nyingine kwa meli, wewe umehamishwa ukiwa umeketi."

Chaher alijitahidi kubaki na hasira, akashindwa. Walicheka wote wawili mpaka Boina akauliza kutoka dukani kama kuna heri.

Lakini lilibaki swali moja lisilochekesha. Katika visiwa hivi nyumba ni ya mwanamke. Mtoto huzaliwa upande wa mama yake, katikati ya bibi na mama wakubwa na mama wadogo, na mzazi hukaa ndani siku arubaini akihudumiwa. Asmahane hakuwa na nyumba. Mama yake alikuwa ng'ambo na mama mkwe wake amefungiwa upande wa pili wa maji. Ndugu za baba yake kule Vouvouni walikuwa wamekwisha tawanyika. Nani angemkanda? Nani angemwogesha mtoto?

Asubuhi moja, akiwa anaanika mchele uani, kuku wa jirani aliruka ukuta akaanza kuudonoa. Asmahane akamfukuza kwa ufagio na kumporomoshea matusi ya Mahajanga, yale ya sokoni. Mlango wa ua ukafunguliwa kwa kishindo. Akaingia mwanamke wa makamo, mnene, mikono imejaa unga.

"Nani anatukana kwa Kibuki hapa?" alifoka, kwa Kibuki.

Asmahane aliganda na ufagio wake. "Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Rudia! Tusi hilo sijalisikia miaka ishirini."

Alikuwa Batoul, muuza sambusa wa kichochoro cha pili. Na yeye alizaliwa Mahajanga. Alikuwa miongoni mwa Wangazija walioletwa mwaka 1977, baada ya mauaji ya Wakomoro kule, wale ambao mpaka leo watu huwaita Sabena kwa jina la ndege zilizowabeba. Baba yake Asmahane alikataa kuondoka wakati ule kwa sababu hakutaka kumtenga mkewe na ndugu zake, lakini Batoul alipanda. Aliketi juu ya kinu kilichogeuzwa akasimulia huku machozi na kicheko vinagombania uso wake.

"Nilishuka hapa na mimba kubwa kuliko hiyo yako. Nilijifungua kabla sijajua kuomba maji ya kunywa kwa Kingazija. Mwanamke mmoja wa mtaa huu alinichukua, simjui, hanijui, akaniweka kitandani kwake siku arubaini. Ndipo akapatikana mwanangu Nouroudine. Sasa kusanya nguo zako, binti yangu. Mwanamke hazalii chumba cha kupanga."

"Lakini mama, mume wangu ni mtu wa Nzuwani. Watu watakusema."

"Watasema mpaka wachoke. Chukua na hilo godoro."

Jioni hiyo Chaher alirudi kazini akakuta chumba kitupu, na Boina akimwelekeza kwa kidole alikohamia mkewe.

Uchungu ulimshika Asmahane Ijumaa moja mwanzoni mwa Oktoba, wakati watu wanaelekea msikitini. Hospitalini mkunga alisema Kingazija na kuchanganya Kifaransa. Asmahane alilia kwa Kibuki. Katikati yao alisimama Batoul, kanga imefungwa kiunoni, akifasiri kwa sauti ya kunadi samaki.

"Anasema sukuma!"

"Nasukuma!"

"Anasema bado! Pumua kwanza!"

"Aamue moja!"

"Anasema kichwa kinaonekana, kina nywele nyingi! Ee Mungu, kweli kina nywele! Sasa sukuma, binti yangu, sukuma!"

Mtoto alitoka akilia kabla hajafika mikononi mwa mkunga. Msichana. Batoul alipiga vigelegele mpaka akaambiwa anyamaze, akatoka nje kuvimalizia uwanjani, na Chaher aliposikia alijua bila kuambiwa. Walipompa mwanawe alimwadhinia sikioni, akamwita Oumaima. Kisha alikimbia moja kwa moja mpaka dukani kwa Boina na kunyanyua simu. Alizungusha namba ya Mutsamudu, akaizungusha tena na tena, akisikia mvumo uleule. Boina akamshika bega.

"Iache kwanza, ndugu yangu. Habari njema haiozi."

Siku ya saba mtoto alinyolewa zile nywele zake. Siku hiyohiyo Chaher alimpata bandarini baharia mmoja, Chanfi, wa meli iletayo ng'ombe kutoka Mahajanga. Alimwagiza afike mtaa wa Mahabibo, kwa Bi Naïma, amwambie mjukuu wake amezaliwa salama na mama yake yu mzima. Kwa Mutsamudu hakuwa na wa kumtuma. Meli za Mahajanga zilifika Moroni na zilifika Mutsamudu pia, lakini kila moja kwa safari yake, na kati ya visiwa viwili hivyo hakukuwa na chombo.

Asichokijua Chaher ni kwamba mama yake alikuwa amekwisha choka kungoja. Bi Echat alihesabu miezi ya mimba kwa vidole, akaona imetimia, akafunga mlango wa nyumba yake na kushuka bandarini kavaa shiromani jipya, vazi la kujifunika la wanawake wa Nzuwani. Hakuwa amewahi kutoka Nzuwani.

"Moroni hakwendeki, Bi Echat," walimwambia. "Njia imefungwa."

"Njia ya Moroni imefungwa. Ya Mahajanga je?"

"Ya Mahajanga iko wazi, lakini Mahajanga ni Bukini, bibi. Unakwenda kinyume."

"Basi nitakwenda kinyume."

Alitapika njia nzima. Kule Mahajanga alijua vitu viwili tu, jina la mama wa mkwewe na jina la mtaa. Alisimama katikati ya soko la Mahabibo akaita, "Naïma! Mama yake Asmahane!" mara nyingi kiasi kwamba hatimaye mama mmoja Mngazija alimshika mkono akampeleka. Naïma alikuwa anafunga mzigo. Chanfi alikuwa ametoka kwake asubuhi ileile. Wakwe hao wawili walitazamana, hawana lugha, na Naïma akaonyesha kwa mikono, tumbo, kisha mtoto kifuani, kisha akashika masikio yake mwenyewe penye hereni: msichana. Bi Echat alikaa chini mlangoni pale akalia kwa furaha kwa sauti kubwa, majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba.

Wiki iliyofuata Chaher alikuwa anapiga randa aliposikia akiitwa. Ni Chanfi, jasho linamtoka.

"Twende bandarini upesi. Nimekuletea wazee wako wawili. Tangu tung'oe nanga wananigombeza kwa lugha mbili."

"Wawili? Mama mkwe na nani?"

"Nenda ukaone mwenyewe."

Alipofika alimwona mama yake mbele ya afisa wa bandari, shiromani limekunjamana, harufu ya ng'ombe inamtangulia, na kando yake Naïma kakumbatia kifurushi cha uduvi mkavu, maana kwao mzazi hunywa mchuzi wa uduvi ili maziwa yatoke. Chaher alisimama kama aliyepigwa na radi. Afisa alikuwa anageuza kitambulisho cha Mutsamudu mkononi, hajui akiweke wapi.

"Bibi, wewe ni mtu wa nchi gani?"

"Nina mjukuu hapa Moroni sijamwona," alijibu Bi Echat. "Ukishanipitisha, rudi tuzungumze nchi."

Afisa alimtazama, akamtazama Chaher aliyekuwa analia hadharani bila aibu, akarudisha kitambulisho. "Mungu amkuze, bibi. Pita."

Asmahane alikuwa ameketi kitandani akinyonyesha aliposikia sauti ya mama yake kichochoroni. Alidhani ni homa. Kisha pazia likafunguliwa wakaingia wote wawili kwa pamoja, wakakwama mlangoni kwa kuwa hakuna aliyekubali mwenzake atangulie. Alipiga ukelele uliomwamsha mtoto, na kwa muda mrefu nyumba nzima ikawa kilio na kicheko, hujui kipi kimeanza. Bi Echat alimchukua Oumaima, akamfunua, akahesabu vidole vya miguu, akamwinua juu na kusema maneno mengi ya haraka. Sasa Asmahane aliyaelewa karibu yote. Batoul alikuwa amemfunza Kingazija, na lugha hizo mbili ni ndugu.

Vita vilianza kesho yake. Naïma alitaka mzazi afunikwe blanketi na anywe mchuzi wa uduvi. Bi Echat alitaka uji wa mchele wenye pilipili manga. Batoul alisimama mbele ya beseni la mtoto akisema mwogeshaji wa nyumba hii anajulikana. Kila mmoja alizungumza lugha yake, na Batoul, aliyezijua zote kuliko wenzake, alifasiri yale tu yaliyomfaa.

"Amesema nini?" aliuliza Bi Echat.

"Amesema uji wako mzuri."

Naïma hakuwa amesema hivyo. Asmahane alikunywa mchuzi na uji pia, akanenepa, akawa anawatazama wakigombania kumbeba mwanawe na kufikiri kwamba miezi miwili nyuma alikuwa hana hata mmoja.

Siku ya arubaini alipotoka nje, mtaa wote wa Badjanani ulikuja kula, na yule mwenzake Chaher wa kazini alikuja pia na sahani ya halua, akala, akamwombea mtoto dua.

Naïma alirudi Mahajanga mwisho wa mwaka. Bi Echat alikaa mpaka mtoto akaota meno, kisha akarudi kwake kwa njia ileile ya kinyume, mara hii bila kutapika. Mgogoro ulichukua miaka. Visiwa vilipopatana na meli kuanza tena kuvuka, Chaher alihamisha familia kwao, na mtoto wa pili, Tawfik, alizaliwa Mutsamudu. Bi Echat alikuwa ameungoja uzazi huo kwa muda mrefu mno. Uchungu wa Asmahane ulipoanza, Bi Echat ndiye aliyekalishwa kwenye kiti na kupepewa, na Asmahane, kati ya uchungu na uchungu, ndiye aliyekuwa akimwambia kwa Kinzuwani, "Tulia, mama. Pumua. Bado kidogo tu."