Mchi wa Jirani

Juzi nilirudi Uvira, nikanunua sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, sokoni, iliyosagwa kwa mashine mbele ya macho yangu. Nikamwambia muuzaji kwamba zamani sombe ya kila nyumba ilikuwa na sauti yake. Akacheka. Nawe cheka tu, lakini nisikilize.

Bibi yangu na jirani yake walitenganishwa na ua wa matete. Kila alasiri, kabla ya kutwanga sombe, bibi alipiga kinu mara tatu, akangoja. Jirani alijibu mara tatu, ila kabla ya pigo la mwisho alisita kidogo, kwa sababu kitenge chake hakikukubali kukaa kiunoni. Ndiyo ilikuwa salamu yao. Harufu ya mawese na ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, ilipoanza kupanda, sisi watoto tulikuwa tumeshanawa mikono bila kuitwa.

Kisha vita vikaingia mjini. Sisi tukakimbilia Burundi. Jirani na binti yake wakapanda milimani, upande wa Lemera. Tuliporudi, waporaji walikuwa wamebeba mabati na hata milango. Kinu walikiacha, nadhani kiliwashinda uzito. Kwa jirani, magugu yalinizidi kimo.

Kabla hata hatujapata paa, bibi alitafuta mchi, akapiga mara tatu ndani ya kinu kitupu. Niliona aibu.

"Bibi, hamuna kitu ndani!"

"Nyamaza weye. Kama iko, atajibia."

Akawa anafanya hivyo kila alasiri. Mji mzima ulikuwa unajengwa upya, na fundi wetu wa bati alilazimika kusimamisha nyundo ili bibi asikilize. Fundi alinung'unika, lakini alisimama.

Siku moja tukajibiwa. Mapigo matatu, kutoka ng'ambo ya magugu! Niliruka nikipiga kelele kwamba jirani amerudi. Bibi akanishika sketi, akapiga tena. Majibu yakaja yamenyooka, bila kusita popote. Uso wake ukasawijika.

"Haiko yeye," alisema. "Iko mutoto wake."

Tulimkuta binti peke yake. Mama yake alikuwa amezikwa kule milimani. Bibi alimkumbatia, akalia mbele yangu kwa mara ya kwanza.

Kesho yake bibi alitwanga kama kawaida. Ila tangu siku hiyo, kabla ya pigo la mwisho, yeye ndiye aliyekuwa anasita.

Leo bibi hayupo. Palipokuwa na ua wa matete pamesimama ukuta wa matofali, mabati yanang'aa, na kwa kweli nafurahi kuona mji umeinuka. Lakini pale sokoni mashine ilisaga mfululizo, nami nikajikuta nimesimama na sombe yangu mkononi, naingoja mashine isite.