Uso wa Droo Tuliouzika Rubongi

Harufu ya gundi ya ngozi ikichemka hainitoki puani mpaka leo. Baba aliichemsha ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji, nyuma ya karakana yetu pale Tororo, na ilinuka kama kwato zinazoungua. Majirani walifunga madirisha na kutusema kwa sauti kubwa kusudi tusikie. Mimi niliipenda. Palipokuwa na harufu ile palikuwa na kaka yangu Abdala, amepiga magoti juu ya maranda, penseli sikioni, akiimba nyimbo ambazo maneno yake hakuyajua hata nusu. Nilikuwa na miaka minane au tisa; nyumbani kwetu hakuna aliyejishughulisha kuandika siku ya mtu kuzaliwa. Mbali huko Wazungu walikuwa wakipigana na Wajapani, na kila mwezi vijana wa kwetu walipandishwa treni kwenda kuwa askari. Baba, Mzee Ramadhani, alikuwa Mwislamu wa mjini, mtu wa asili nyingi kama wengi wa mtaa wetu. Mama alizaliwa Rubongi, kwa Wapadhola, akasilimu alipoolewa, lakini Rubongi haikumtoka moyoni, wala hakuna aliyemwomba aitoe.

Kazi iliyompa baba jina ni kabati la droo lisiloonyesha msumari. Mteja alilizunguka kabati lile la mvule, akalipapasa mbele na ubavuni, akainama, akauliza, "Sasa Mzee, imeshikwa na nini?" Baba alijibu, "Imeshikwa na Mungu," na Abdala akaangalia pembeni asicheke. Ukweli ulikuwa huu. Sanduku la droo lilikuwa na ubao wake wa mbele, wa mti hafifu. Kwenye ubao ule baba alizamisha vibati viwili vya shaba, kila kimoja na tundu la duara juu na mfereji mwembamba chini yake. Nyuma ya ule ubao mzuri wa mvule, ambao sisi tuliuita uso, alifunga skrubu mbili, vichwa vikiwa vimetokeza kidogo. Uliingiza vichwa kwenye matundu, ukausukuma uso chini, ukasikia ukibana. Kati ya mbao hizo mbili uliweka ukanda wa ngozi ili uso usicheze. Kuutoa, uliivuta droo nje ukagonga kwa kiganja kutoka chini kwenda juu. Baba hakumwonyesha mtu siri hiyo ila Abdala, na Abdala, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kifuniko, akanionyesha mimi.

Kabati la mwisho alilofanya Abdala lilikuwa la mama. Droo tatu za juu zilikuwa mkono wa baba, ya chini ilikuwa yake peke yake. Kabla ya kuufunga uso aliniita, akauweka mkono wangu juu ya mgongo wa ubao, akauzungushia penseli kidole kwa kidole. "Hapo sasa," akasema, "umo ndani. Usiambie mtu." Kisha akaubana uso, akaugonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, kama alivyogonga kila ubao alioumaliza na kila mlango alioufikia. Wiki ile ile akapanda treni. Mama hakulia stesheni. Alimpa mayai ya kuchemsha, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefungwa tayari.

Barua ilikuja msimu wa kuvuna wimbi, ule ulezi wetu. Karani wa chifu alituita uani akaisoma kwa Kiingereza, halafu akaitafsiri haraka akitazama viatu vyake: Abdala amepotea vitani, hajulikani alipo. Baba alikataa matanga palepale. "Aliyepotea si maiti," alisema. "Simsomei khitma mtu ambaye huenda saa hii anakula." Siku nyingi mama alipika ugali bila kutuuliza kama tumeshiba. Sasa najua kilichomkalia rohoni. Kwa watu wa ukoo wake, mtu akifia mbali na mwili usionekane, hukatwa mgomba ukazikwa mahali pake, ili kivuli chake kipate pa kulala kisirudi kuhangaisha nyumba. Akizuiwa kuzika, mwanawe angezunguka bila makao. Akizika na kumbe mwanawe yu hai, angekuwa amemzika mtu anayepumua. Alitaka dalili moja tu, kutoka upande wowote.

Dalili nilimpa mimi. Nilikuwa na tabia, kila mama alipokwenda kisimani, ya kuivuta ile droo ya chini, kuugonga uso, kuutoa na kuuweka mkono wangu juu ya ule wa penseli. Nilikuwa nikimkumbuka kaka, na hapo ndipo nilipomkuta. Alasiri moja mama alirudi mapema. Nilisikia debe likitua uani, nikaurudisha uso kwa pupa. Skrubu moja iliingia, ya pili sikuisikia ikibana. Ukanda wa ngozi ulikuwa umebaki miguuni pangu, nikaukamata nikakimbia nao karakanani, na kwa woga nikautupa kwenye moto wa gundi. Ukajikunja, ukaungua. Nikajiambia nitarekebisha kesho.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, likapita treni la mizigo, lile zito la pamba. Nyumba yetu ilikuwa karibu na reli na sakafu ya mbao ilitetemeka kama kawaida. Kutoka chumbani kwa mama ikasikika, wazi kabisa: ko, ko, ko. Mama alikuwa anachambua mchele. Ungo ukamwanguka. "Umesikia?" akaniuliza. Nilimwambia sikusikia kitu, na uongo huo ndio wa kwanza. Treni jepesi la abiria halikuitikisa droo, kwa hiyo siku nyingine palikuwa kimya, na kimya hicho ndicho kilichomwaminisha mama kwamba anayebisha anachagua siku zake. Akahamishia mkeka wake chumbani, akakaa mbele ya kabati mchana kutwa, nami sikupata tena nafasi ya kuigusa droo. Nanyi msinicheke: baada ya wiki mbili hata mimi nilianza kuogopa. Nilijua nilichofanya, na bado kila nilipoisikia ile ko, ko, ko nywele zilinisimama, kwa sababu ilikuwa ni yeye kabisa, hata urefu wa pumzi kati ya pigo na pigo.

"Baba Abdala," mama akasema siku moja, kwa kile Kiswahili chake alichojifunza ukubwani, "mtoto yangu anabisha. Anataka nyumba yake. Wewe nasikia, nanyamaza tu."

Baba aliyejua kila kiungo cha kabati lile angeweza kuinama na kuangalia. Hakuinama. Nimemfikiria sana baba kwa hilo. Nadhani aliogopa kukuta uso umebana sawasawa. Alisema tu, "Fanya kwenu. Kwangu usifanye," akatoka akaenda kupiga randa ubao ambao hakuna aliyeuagiza, akaupiga mpaka ukawa mwembamba kama kadi.

Mjomba Owor, kaka yake mama, akaja kutoka Rubongi na kusema mgomba umeshachaguliwa. Mama akakataa mgomba. "Mgomba hakujua mkono yake," alisema. "Nataka kitu Abdala alifanya." Akanigeukia. Sijui alijuaje, akina mama hujua mengi wanayoyaacha yapite. "Zaituni, wewe najua kufungua hii. Fungua."

Hapo ndipo ningesema. Niliivuta droo, nikaweka kiganja chini ya uso, nao ukatoka kabla sijaugonga, kwa kuwa ulikuwa umening'inia kwa skrubu moja tu. Ningesema, mama, tazama, huu ndio mlango uliokuwa unabishwa. Mjomba alikuwa amesimama. Mama alikuwa ameshika shuka jeupe mikononi, na uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu barua ije. Nikamnyima ukweli kwa sababu ya utulivu ule, na kwa sababu ya fimbo pia, nisijipambe. Akasema vibati navyo viende, vitu vya Abdala visitenganishwe, nami nikavifungua kwa bisibisi, nikavirudisha kwenye skrubu zake nyuma ya uso. Mama akaufunga ubao kwenye shuka bila kuutazama mgongo. Tulikwenda Rubongi kwa miguu. Waliuteremsha kwenye kaburi la urefu wa mtu, shambani kwa mjomba, wakalia kwa jina lake, na mkono wangu wa penseli ukaingia udongoni pamoja naye.

Treni la pamba likaendelea kupita, na nyumba ikawa kimya. Mama alinenepa, akacheka tena. Watu walisema, mmeona?

Abdala alirudi mwaka uliofuata vita vilipokwisha. Alishuka kwenye treni la mchana, koti la kaki likimning'inia, kovu kutoka sikioni mpaka shingoni. Alikuwa amelala hospitali za nchi ambazo hakuweza kuzitaja, miezi mingi asijue hata jina lake. Alifika mlangoni kwetu akabisha kama alivyobisha siku zote, ko, ko, ko. Nilikuwa ndani na mama. Nilimwona kupitia ufa wa dirisha, nikamtambua, nikaruka. Mama akanishika mkono mpaka ukaniuma.

"Usifungue," akasema. "Ule tulimzika."

Alibisha tena. Akaita, "Mama, ni mimi." Mama akafunga macho. Mwishowe baba ndiye aliyetoka karakanani mbio, kiatu kimoja mguuni, akamkumbatia barabarani akilia kwa sauti, baba ambaye sikuwahi kumwona akilia. Mjomba Owor akaja, kondoo akachinjwa, yakafanyika yote yanayofanywa ili aliyezikwa apokewe tena. Watu wengine wote walimpokea. Mama alijaribu. Nilimwona akijaribu. Alimwekea chakula, akakaa mbali, akaondoka na sahani akiwa ameishikia kwenye kanga. Alimwita mgeni. "Mgeni ameshiba?" aliniuliza mimi, naye Abdala ameketi hapo hapo. Abdala alilala karakanani wiki tatu, kisha akaenda Busia kutengeneza milango ya maduka, akabaki huko. Kila Idi alikuja akasimama uani, akasalimia, akarudi. Mama alifariki uzeeni bila kulitamka tena jina lake mbele yake.

Mimi nami niliolewa Busia, nikazaa, nikazeeka, na jambo lile nikalibeba kimya. Nilimwambia Abdala mwaka aliougua maradhi yake ya mwisho, mchana mmoja nikimlisha uji. Nilimwambia yote, ukanda wa ngozi, moto wa gundi, skrubu moja. Nililia nikamwaga uji kwenye shuka. Alinisubiri nimalize.

"Nilijua," akasema. "Nilipofika nikauliza uso wa droo uko wapi. Baba akaniambia umezikwa, ulikuwa unabisha treni likipita. Uso haubishi kama haukufunguliwa, Zaituni. Na kufungua nilimfundisha nani?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote ile, pengine mama angemfungulia moyo wake.

"Ningesema, mama angejua amenizika bure," akasema. "Angeweza kuishi na hilo? Mimi niliweza."

Aliagiza azikwe Rubongi. Kaburi langu liko tayari, alisema, akacheka mpaka akakohoa. Wachimbaji walipofika chini hawakukuta ubao wala shuka, mvule wote ulikuwa umekuwa udongo. Walikuta vibati viwili vya shaba, vya kijani, na skrubu zikiwa bado ndani ya mifereji yake. Nilivisafisha kwa majivu. Kimoja nilimwachia Abdala, kingine ninacho.

Juzi mjukuu wangu alinunua kabati lililokuja ndani ya katoni. Alilifunga mwenyewe barazani, kwa kifunguo kidogo kilichopinda, chai ikiwa bado haijapoa. Viungo vyote vimefichwa humo ndani, huoni skrubu wala msumari, na karatasi yenye picha inamweleza kila mwenye macho siri ambayo baba aliificha maisha yake yote. Uso wa droo moja alikosea kuufunga, ukawa unacheza. Akaguna, akaulegeza, akaukaza upya, ikaisha. Nilimtazama mpaka akaniuliza kama naumwa. Sisi tulikosea hivyo hivyo, tukamzika mtu.

Siku hizi nyumba yangu ya hapa Busia iko kando ya barabara ya malori, na lori zito likipita mlango hutikisika kwenye bawaba zake. Wajukuu wameshanizoea. Najua ni lori, nalisikia kabisa likibadilisha gia. Nainuka hata hivyo, nashika ukuta, naenda kufungua.