Kanga Niliyemshinda Mbio

Nianze na upumbavu, maana ndio uliotangulia: nilimkamata kanga wa porini kwa mikono mitupu, nikaamini mimi ni bingwa wa mbio. Ilikuwa likizo, nyuma ya mikorosho yetu Chiungutwa. Wenzake waliruka, yeye alijikokota hatua tano, akaketi. Kanga mzima humpati hata kwa baiskeli, lakini nani angeniambia? Nilimpitisha mtaani begani kama kombe, nikamtia kwenye banda la kuku wa mama ili anenepe.

Kesho yake akafa. Siku ya sita kuku wakaanza: shingo zinapinda, kinyesi cha kijani, asubuhi miguu juu. Kideri.

Mama alikuwa na kuku kumi na saba, wa siku ya mdogo wangu kutoka jandoni. Nusu ya akina mama kijijini walikuwa na wana jandoni huko porini, na kila mmoja alikuwa na kuku wake wa siku hiyo. Mtoto akitoka bila kuku, watu watalisema hilo mpaka aoe.

Wetu wakabaki watatu.

Mwalimu wetu wa kilimo alishasema ugonjwa huu hutoka kwa ndege wa porini ukaja kwa wa kufugwa, ukarudi tena, na hubebwa na kinyesi, manyoya, hata tenga. Siku ile nilisinzia darasani, ila sikio moja lilikuwa macho.

Sasa kwetu, kuku wakianza kufa kwa jirani, mtu huwahamishia wake kwa ndugu wa kijiji kingine. Jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameshafunga tenga kwenye baiskeli liende Mnyambe kwa dada yake. Nikainama, nikafungulia upepo gurudumu la nyuma. Pssss.

"We mtoto, una wazimu?"

"Shikamoo mama."

"Sitaki shikamoo yako! Jaza upepo!"

"Mama, ugonjwa nimeuleta mimi. Yule kanga. Ukiwapeleka hawa, na wa Mnyambe watakwisha."

"Juzi si ulisema chooni kwetu kuna simba?"

"Simba nilitania. Kwa hili niapishe."

Hakuniapisha. Aliniona nalia, mimi niliyekwisha kupita jando, tena barabarani mchana. Akashusha tenga.

Akina mama wa ng'ambo wakachanga pesa za chanjo, nami nikapewa baiskeli ileile (nilijaza upepo mwenyewe, usiulize) nikaenda Masasi. Zamani chanjo ilimsubiri bwana mifugo wa serikali, na bwana mifugo alisubiri petroli. Tangu biashara iachiwe huru, mtu yeyote mwenye kibali aliweza kufungua duka la dawa za mifugo. Muuzaji alinipa kichupa, akakifunga kwa kitambaa kibichi kisipate joto. "Wazima tu," akasema. "Tone moja jichoni. Na wewe usiwe daktari wa maneno tu, nawa mikono kila nyumba."

Alfajiri mbili nilipita nyumba kwa nyumba kabla kuku hawajafunguliwa. Mama mwenye nyumba anashika, mimi nadondosha. Jogoo mmoja alinipiga teke la shavu, nikamwambia ahsante mgonjwa wangu. Nyumba ya kwanza niliomba ruhusa kwa kila kuku. Ya kumi nilikuwa nikiwafokea watu wazima wanawe mikono, na wananawa!

Kwa yule jirani walikufa wawili. Kuku wengine wote wa ng'ambo walibaki wazima. Ugonjwa uliishia barabarani, na Mnyambe haukufika. Jamani, niliringa. Naringa hata sasa ninapoandika.

Siku ya kutoka jandoni, wanawake wa ng'ambo walivuka barabara, kila mmoja na kuku mmoja, wakamwekea mama uani. Mdogo wangu akatoka kwa vigelegele, nguo mpya, mafuta yanang'aa. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na beseni, maana shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake. Mama akaja akasimama, mikono kiunoni, akasema:

"Wanauliza bwana mifugo yuko wapi. Nimewaambia anafua shati la shule, wasubiri."