Winda Lililosahauliwa Uani

Udogoni mwangu, pale Kaole, kabla Wadachi hawajaja kutia bendera yao Bagamoyo, nyumbani kwetu hapakuwa na nguo iliyoogopwa kama winda, kitambaa anachofungwa mtoto mchanga asichafue. Wajukuu zangu hucheka nikiwaambia hivyo. Wao hudhani tuliogopa chui na majini tu. Ni kweli, hao tuliwaogopa. Lakini chui haji kila siku, na winda hufuliwa kila siku.

Siku hizi nikikaa na wanawake wenzangu huwasikia wakizisifu enzi zile. Watoto walikuwa safi, wanasema. Vitambaa vilikuwa laini, vikifukizwa ubani mpaka nyumba nzima inanukia. Moyo wangu huchemka. Vitambaa vile nilivijua kwa mikono yangu, nilivifua na kuvianika. Na najua watu wa nyumba yetu walimtenda nini wifi yangu kwa sababu ya kimoja tu.

Tulikuwa watu wachache. Mama yetu alifariki nikiwa sijaanza kusema vizuri, na baba akafuata. Tukabaki na Bibi Mwanaisha, mama yake baba, mimi, niliyeitwa Tatu, na kaka yangu Omari. Omari alikuwa mkwezi wa minazi, mwenye mikono ya nguvu na sauti ndogo. Mbele ya Bibi sauti ile ilizidi kuwa ndogo. Alipooa, alioa kwa kupenda mwenyewe, na aliyempenda alikuwa Mwanaheri, binti wa mkulima wa Mkange, kule juu kuelekea Saadani. Baba yake alikuwa Mwislamu aliyeswali swala zake zote, lakini kwa Bibi hilo halikutosha. Kwake yeye, mtu wa Mkange alikuwa mtu wa bara tu.

"Huko kwao watoto wanakaa uchi kama vifaranga," alikuwa akisema, tena kwa sauti, ili Mwanaheri amsikie jikoni. "Huyu hajui hata kumfunga mtoto winda."

Uongo. Nasema leo, nikiwa mzee, kwamba ulikuwa uongo mtupu. Mwanaheri alipojifungua Shabani, sijaona mwanamke aliyeshika kazi ya vitambaa kama yeye. Kanzu kuukuu za marehemu babu alizichana kwa mstari ulionyooka. Merikani mpya, ile pamba nyeupe ya dukani, ilikuwa ngumu, ingemchubua mtoto mapaja, kwa hiyo aliichemsha na kuipigapiga juu ya jiwe siku tatu mfululizo mpaka ikalegea. Vilipatikana vitambaa kumi na viwili. Kila asubuhi alivikusanya katika pakacha, tukaenda kisima cha chini, mbali na maji ya kunywa. Alivisuuza, akavilowesha katika maji ya majivu, akavisugua kwa ndimu palipokuwa na madoa, akavianika juani juu ya ua wa makuti. Alinifundisha kukunja pembe tatu, kupitisha ncha katikati ya miguu ya mtoto, na kufunga fundo pembeni ili lisimwumize tumbo.

"Funga kama unavyotaka kufungwa wewe, wifi," aliniambia. Alikuwa na namna hiyo ya kusema na mtoto, kana kwamba anasema na mtu.

Halafu kulikuwa na habari ya dege. Wakubwa walisema dege ni ndege asiyeonekana, hupita jua linapozama. Akipita juu ya winda lililoachwa nje hunusa harufu ya mtoto, akamfuata hadi kitandani. Hapo mtoto hukakamaa, macho yakageuka juu, povu likamtoka mdomoni. Kwa hiyo ilikuwa lazima vitambaa vyote viingie ndani kabla jua halijagusa minazi. Mwanaheri aliliamini jambo hilo kuliko sisi sote. Alivianua mapema, wakati wa alasiri, vingine vikiwa bado na ubichi, akavihesabu kwa kidole: kumi na viwili. Asipovipata vyote hakukaa.

Shabani alikuwa na miezi saba siku ile. Tangu asubuhi mwili wake ulikuwa moto na alikataa kunyonya. Mwanaheri hakutaka kutoka, lakini Bibi alimtuma shambani kuchimba muhogo. "Nani atapika jioni, mimi?" alimwuliza. Mwanaheri akanikabidhi vitambaa.

"Wifi, jua likifika pale, ingiza vyote. Vyote kumi na viwili. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilikuwa na miaka minane. Nilisikia, kisha wakaja wenzangu wawili na vijiwe vya mdako, tukakaa nyuma ya nyumba tukicheza. Nilipokumbuka, jua lilikuwa limeshuka. Nikakimbia, nikakusanya vitambaa kwa mikono miwili, nikavitupa ndani juu ya mkeka. Sikuhesabu.

Mwanaheri alirudi na mzigo kichwani muda mfupi kabla ya adhana ya magharibi. Hata hakuutua vizuri, maana alisikia mlio. Shabani alikuwa amekakamaa mikononi mwa Bibi, kichwa nyuma, macho meupe, miguu ikimtetemeka. Mwanaheri alimnyakua, akamwita jina, akamwita tena. Omari alikimbia kumwita mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu alikuja na kombe, aya alizoziandika kwa zafarani sahanini na kuziosha kwa maji, akamnyunyizia mtoto. Baada ya kitambo mwili ukalegea, Shabani akalia. Sijapata kusikia kilio kizuri kama kile.

Lakini Bibi alikuwa ametoka. Alirudi ameshika winda moja kwa ncha mbili za vidole, kana kwamba ameshika nyoka.

"Hili lilikuwa uani," alisema. "Limeangukia upande wa pili wa ua."

Majirani walikuwa wameshajaa mlangoni.

Nikamwendea Bibi, nikamshika nguo. "Bibi, ni mimi. Mimi ndiye niliyeingiza vitambaa."

Alinitazama. Nataka msomaji alielewe jambo hili, kwa sababu ndilo lililonichoma maisha yangu yote. Alinisikia. Alijua vizuri kwamba Mwanaheri alikuwa shambani, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemtuma. Akaniziba mdomo kwa kiganja chake, akaniinamia.

"Nyamaza. Wewe ni mtoto wa nyumba hii."

Kisha akanyanyuka, akawageukia watu. "Nilisema," alitangaza. "Tangu siku ya kwanza nilisema, mwanamke huyu atatuulia mtoto. Mmeona kwa macho yenu."

Mwanaheri hakujitetea sana. Alisema tu, "Mimi nilikuwa shambani." Alisema mara mbili. Wala hakunitaja. Alikuwa amenikabidhi kazi ile mbele ya Bibi, angeweza kunyoosha kidole na kusema ni huyu hapa. Alinitazama mara moja, akaona kiganja cha Bibi begani mwangu, akamgeukia mtoto wake.

Asubuhi yake Omari alimpa talaka. Alitamka akiwa anatazama miguu yake, na Bibi amesimama nyuma yake. Yeye pia alijua. Nilimwambia mwenyewe alfajiri ile alipokuwa akitawadha, akanijibu, "Tatu, usiniongezee." Basi. Mwanamume mzima, anapanda mnazi mrefu kuliko nyumba tatu, akashindwa kufungua mdomo mbele ya kikongwe.

Mtoto wakamzuia. Bibi alisema mtoto ni wa baba, na hatapelekwa Mkange akafe. Mwanaheri aliondoka na furushi la nguo zake kichwani, na mbele ya nguo yake maziwa yalikuwa yamelowesha madoa mawili makubwa. Watu walimwona anapita hivyo, wakatazama pembeni. Mwalimu wa chuo naye alimwona.

Tangu siku hiyo vitambaa vya Shabani vikawa kazi ya Bibi. Hakuvianika nje tena hata mchana. Alifunga kamba ndani, chini ya paa, juu ya moshi wa jiko, akafunga na hirizi mlangoni. Mtoto alinyweshwa maziwa ya mbuzi na uji mwepesi, akakonda. Vitambaa vilinuka moshi na havikukauka sawasawa, na mapaja yake yakatoka vipele vyekundu. Nilivipaka mafuta ya nazi, naye akinitazama bila hata kulia.

Siku ya kumi na mbili, mchana kweupe, jua la utosi, Shabani alikakamaa tena. Hapakuwa na winda nje. Hapakuwa na hata uzi nje. Bibi alikuwa naye mapajani.

Alipotulia, majirani walikuja tena mlangoni, walewale. Nilingoja. Nilitaka kusikia watakavyosema safari hii. Jirani mmoja akamshika Bibi mkono.

"Pole, Bi Mwanaisha. Ni kudra ya Mungu."

"Kudra ya Mungu," wakaitikia wengine.

Nina miaka mingi sasa, na hasira ya saa ile haijaisha. Kwa Mwanaheri ilikuwa uzembe. Kwa Bibi ikawa kudra. Homa ni ileile, mtoto ni yuleyule, mlango ni uleule na vichwa vilivyochungulia ni vilevile. Hakuna hata mmoja aliyeona haya.

Sikumwambia mtu. Nilitoka, nikaenda hadi chuoni, nikamkuta mwalimu anawakalisha wanafunzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza nimetumwa nini.

"Sikutumwa," nikasema. "Winda niliacha mimi. Wifi alikuwa shamba. Bibi anajua, kaka anajua. Na leo hapakuwa na winda nje, na mtoto ameshikwa tena."

Mwalimu alifunga kitabu chake polepole. Akaniuliza kama niko tayari kuyasema hayo mbele ya Bibi. Nikasema ndiyo.

Alikuja nyumbani baada ya alasiri. Nikasema. Nilisema nikilia, maneno yakinikatika, lakini nilisema yote, hata la kuzibwa mdomo. Omari alikuwa amekaa kizingitini, akajifunika uso. Bibi hakukana. Alisema tu, "Nilikuwa namlinda mjukuu wangu." Mwalimu akamjibu kwamba sheria iko wazi, mtoto anayenyonya ni wa mama yake, talaka haimwondolei haki hiyo, na mtoto arudishwe kabla ya Ijumaa.

Nilifurahi siku ile. Miaka ilipopita ndipo nilipojiuliza: sheria ile mwalimu aliijua lini? Aliijua tangu siku ya kwanza. Alikuwepo pale na sahani yake ya kombe. Aliona maziwa yanamlowesha yule mama njiani. Alingoja mtoto wa kike wa miaka minane amwendee ndipo naye aikumbuke.

Omari alimpeleka Shabani Mkange mwenyewe, mwendo wa siku mbili, na mimi nikafuatana naye kumbeba mtoto kwa zamu. Nadhani alitumaini kumrejea mkewe. Mwanaheri alitupokea uani kwa baba yake. Alimchukua Shabani, akamfungua, akaona vipele mapajani, akafunga macho. Kisha akaketi chini palepale, akamweka kifuani. Maziwa yalikuwa karibu kukauka, mtoto alivuta muda mrefu kabla hayajashuka. Tulisimama tu tukimtazama.

"Mwanaheri," kaka yangu akaanza, "Bibi... Bibi amesema..."

"Bibi amesema," akarudia Mwanaheri. "Na wewe, Omari, umesema nini?"

Tulilala kwa jirani, asubuhi tukarudi Kaole wawili.

Bibi aliishi miaka mingine mingi na hakuomba radhi. Nilimwuguza mpaka mwisho wake, nikamwosha, nikamfukizia ubani. Nilimpenda, wala sioni haya kulisema. Lakini kila aliposema "nilikuwa nakulinda" nilitoka nje, kwa sababu sikuomba kulindwa kwa kumtupa mtu mwingine.

Shabani, kule Mkange, degedege ilimshika mara mbili zaidi, kisha ikamwacha alipokua, kama inavyowaacha wengi. Mama yake aliolewa tena na mwanamume mpole wa kulekule, akazaa wengine wanne. Nao wote aliwafunga mawinda, na vitambaa vyao alivianua mapema.

Wanawake wa nyumba yangu huniuliza kama naamini habari ya dege. Sijui. Nimewaona watoto wakishikwa, na vitambaa viko ndani. Nimewaona wengine vitambaa vyao vimelala nje hadi asubuhi, wakaamka wakicheka. Ninachokijua ni kwamba mtoto akiugua katika nyumba hii, hapana ruhusa ya kwenda uani kutafuta ushahidi. Atakayetoka kutafuta winda, nimewaambia, asirudi ndani. Wanasema bibi amekuwa mkali. Na wanione mkali.

Nilimwona Mwanaheri mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa mke wa mtu, naishi Bagamoyo mjini, naye alikuja sokoni kuuza mtama. Mvi zilikuwa zimeanza kumwota. Nilimkumbatia, nikalia kama siku ile, nikamwomba anisamehe kwa winda nililoliacha na kwa siku kumi na mbili nilizonyamaza.

Aliniacha nilie. Kisha akanifuta uso kwa pembe ya nguo yake.

"Wewe ulikuwa na miaka minane, wifi," alisema. "Wao walikuwa na mingapi?"