Kibuyu Kizima cha Samli

Nikifungua samli jikoni, mikono yangu huukumbuka ule mpira wa ngozi. Mama alikuwa mpishi wa chuo cha ualimu, Ilemela, na timu ya chuo ilikuwa haijafungwa msimu mzima. Asubuhi ya mechi ya mwisho, dhidi ya timu kutoka Nansio, mwalimu wa michezo alinituma niupake mpira samli kidogo, usinywe maji ya mvua. Mimi nikamaliza kibuyu kizima.

Kipa wetu aliinusa samli mapema, akawa anaupiga mpira ngumi tu. Yule wa Nansio alidaka shuti la mshambuliaji wetu, mpira ukamponyoka, ukaingia. Wanachuo wakambeba mshambuliaji mabegani.

Mama alininusa viganja, akacheka.

“Waache wambebe huyo, binti yangu. Mfungaji ninaye mimi hapa.”